Kodi Mpya, Kodi Upya

Pettis Run, Ohio
11 Mei 1986

Mdogo wangu Orrin,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako wote ni wazima ukiondoa goti langu la kushoto. Paka naye ni mzima kupita kiasi. Maua ya zambarau ya mama yamechanua pale kisimani, na harufu inaingia mpaka jikoni. Shangazi Dessa anauliza kama bado unawapikia mabaharia tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda, au umeanza mapishi ya watu wa mjini. Nimemwambia hujabadilika, ila sina ushahidi. Merle Yoakam amemaliza kupanda mahindi kwenye shamba la baba, upande wa barabara. Ni mpangaji mzuri, hilo nampa.

Sasa nikuambie lililonikalisha chini kuandika. Tumeshindwa, Orrin. Jumanne watu walipiga kura na kodi ya shule ikaanguka. Ni ileile tunayolipa kwenye nyumba na mashamba tangu Walter wangu yu hai. Kila ikifika mwisho wa miaka yake lazima tuulizwe tena kama tunaitaka, na tukisema hapana, inakufa. Safari hii tumesema hapana. Bodi ya shule itatuuliza mara nyingine Novemba. Ikianguka tena, shule yetu inafungwa Krismasi na watoto wanapelekwa Corwith. Corwith! Watu waliotufunga mpira kila vuli tangu tuzaliwe. Na Corwith wana mabasi yao na madereva wao.

Usiku wa matokeo niliota naendesha basi langu kwenye ukungu. Nasimama kila lango, watoto wanapanda, halafu naona kumbe si watoto wa mwaka huu tu. Ni wote niliowahi kuwabeba, hata waliokwisha kuwa na mvi, na kila mmoja ana umri wake wa siku ya kwanza ya shule. Walter alikuwa kiti cha nyuma na kopo lake la chakula. Hakuna aliyepiga kelele. Tukaenda, tukaenda, na barabara haikufika popote, na mimi sikutaka ifike.

Jina lako bado liko kwenye daftari la wapiga kura hapa, kwa nyumba ya baba. Omba karatasi ya kura mapema, wakutumie huko melini. Na majira ya baridi haya uje, jamani. Tangu tumzike Walter kila mwaka unasema utakuja.

Dada yako,
Lovina


Melini, Ziwa Superior
8 Juni 1986

Dada Lovina, mheshimiwa dereva,

Barua yako ilipanda na ndoo tulipopita mtoni. Mashua ya posta ilitusogelea, tukashusha kamba, na yule mzee wa mashua akapiga kelele, "Mpishi! Una mwanamke nchi kavu!" Nikamwambia ni dada yangu mkubwa. Akasema, "Basi pole." Mwambie Shangazi Dessa tambi zipo kila Alhamisi, na nahodha hula mara mbili halafu anajifanya amesahau.

Sisi tumo ndani ya ukungu tangu juzi. Hapa ukungu hauji, unaamka tu na kukuta umo ndani yake. Honi yetu inalia, na kutoka mbali meli nyingine inajibu, wala hatuonani. Jana nilitoka na kikombe cha kahawa nikaona taa za nyumba, safu nzima, kama barabara ya Pettis Run jioni. Nikazitazama mpaka kahawa ikapoa. Hazikuwepo. Mshika usukani anasema ziwa linafanya hivyo kwa watu wasioenda kwao.

Hiyo habari ya kodi, dada, nakuomba tusigombane. Sina mtoto, sina mjukuu. Merle ameniandikia kwamba shule inataka kodi mpya juu ya zile tulizonazo. Anasema imeandikwa wazi kwenye karatasi, kila mtu ameiona. Basi kodi mpya ni kodi mpya. Shamba la baba halitoi maziwa kila mtu akilikamua. Karatasi nitaiomba kwa kuwa umeniambia, lakini usinishike mkono nikiwa naandika.

Habari ya baridi, tutaona barafu ikifunga njia za meli.

Mdogo wako mtiifu (kiasi),
Orrin


Pettis Run
17 Agosti 1986

Orrin, wewe na Merle wako,

Tu wazima, joto linatuua, nyanya zimejaa mpaka nawawekea majirani kwenye magari yao wakisahau kufunga vioo. Salamu nimekupa. Sasa nisikilize.

Siyo MPYA. Ni UPYA! Karatasi ilisema "kutoza kodi UPYA." Yaani ileile, kiasi kilekile, iendelee. Haiongezi hata senti kwenye shamba la baba. Nusu ya kijiji wamesoma M mahali pa U, kwa sababu ndivyo walivyotarajia kusoma. Ukizoea kuona mbwa mwitu, hata mbwa wa jirani unamkimbia.

Wiki hii tulikuwa na meza yetu kwenye maonyesho ya wilaya, katikati ya nguruwe na mashindano ya pai. Nilisimama na karatasi, namwonyesha kila anayepita ile herufi. Mzee mmoja wa barabara ya kinu akaweka miwani, akaitazama, akaniambia, "Lovina, nyie watu wa shule mna ujanja wa kubadilisha herufi." Alaa! Kwamba niliibadilisha mimi, na kalamu yangu! Pembeni Merle anakula mahindi ya kuchoma, ananichekea. Nikamuuliza, "Umesoma mwenyewe?" Akasema, "Nimesoma cha kutosha." Nikamwambia ndiyo shida, umesoma cha kutosha wewe, siyo cha kutosha karatasi.

Nilirudi nyumbani nimechoka mpaka meno. Nikakaa barazani gizani, vimulimuli wanawaka juu ya soya, wanazimika, wanawaka kwingine, na nikawa nawaza hivi ndivyo kijiji kinavyoisha, taa moja hapa, moja pale, wala hakuna anayegombana na mtu.

Wewe usigombane na mimi. Soma tu ile herufi ya kwanza.

Lovina


Melini, tukielekea Duluth
5 Oktoba 1986

Dada,

Kimya chako kimenishinda. Tangu Juni! Ndoo inapanda, kila mtu anachukua yake, mimi napewa orodha ya bei za vitunguu. Nikasema haya, amenuna. Unajua kununa wewe. Uliwahi kuninyamazia kiangazi kizima kwa sababu nilimpa jina lako nguruwe.

Mimi ni mzima. Kiungulia kidogo. Juzi anga ilijaa zile taa za kaskazini, kijani, zinapanda na kushuka bila sauti, na ziwa likawa kijani chini yake, hata hujui meli iko wapi kati ya viwili hivyo. Mabaharia wazima na ndevu zao wakasimama wameacha midomo wazi. Nilifikiri, Lovina angeona hii angesema imefanana na pazia la bafuni la mama. Nikacheka peke yangu.

Karatasi ya kura ilifika. Nimeijaza leo asubuhi kwenye meza ya kukatia nyama, nimeisaini, imetoka na barua za nahodha. Usiniulize. Kura ni siri, hata kwa dada.

Merle aliniomba ruhusa ya kuweka bango shambani, nikamwambia aweke tu. Barabara ni ya wote.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Orrin


Pettis Run
14 Oktoba 1986

Mdogo wangu,

Sijanuna. Nilikuandikia Agosti, barua ndefu, na sasa naona haikukufikia. Ipo wapi Mungu anajua. Nitarudia kwa kifupi, maana naogopa nimechelewa: ni kodi UPYA, U, siyo mpya. Ileile ya zamani, iendelee. Haiongezeki kitu. Mlisoma vibaya, wewe na Merle na nusu ya kijiji.

Na bango nimeliona. Haiwezekani kutoliona, napita mbele yake mara mbili kwa siku. HAPANA KODI MPYA, kwa rangi nyekundu, kwenye shamba la Stauffer, jina la baba yetu. Sikuling'oa. Shamba ni lako, baba alikupa wewe, na mimi si mtu wa kung'oa vitu vya watu.

Jumatatu Tessie, yule mdogo wa kina Hoyt, alikaa kiti cha nyuma yangu kama kawaida yake. Anaanza tu kusoma, na anasoma kila kitu kilichoko njiani, makopo, vituo vya petroli, makaburi. Akasoma bango. Akaniuliza, "Bibi Lovina, hilo ni shamba la kaka yako?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini hatupendi?" Orrin, niliendesha basi mpaka shuleni na swali lake mgongoni.

Sasa nikuambie kitu, na usinijibu kwa mzaha. Walter alipokufa watu walileta vyakula wiki mbili, kisha wakarudi kwao, na wana haki. Nyumba hii ikanyamaza. Kuna siku za likizo nafika jioni nagundua sijatoa sauti tangu niamke, nikimsemesha paka sauti inatoka kama ya mtu mwingine. Lakini asubuhi za shule nawasha basi, taa zinawaka, na lango la kwanza tu mtu ananiambia jino limetoka. Wa pili mbuzi kazaa. Wa tatu mama na baba wamegombana, nikae nalo moyoni. Mpaka nifike shuleni mimi ni mtu tena. Basi hilo likienda, sijui nitakuwa nani. Sikutaka kukuambia. Nilitaka ukubali kwa ajili ya watoto, siyo kwa ajili yangu. Sasa nimeshasema.

Lovina


Melini, mtoni
29 Oktoba 1986

Dada yangu,

Barua zako mbili zimepanda na ndoo moja. Ya Agosti walikuwa wameipa meli nyingine ya kampuni, imetembea maziwa yote bila mimi. Nimezisoma nimesimama. Nimeunguza mchuzi.

Karatasi yangu imeshakwenda. Nimemuuliza nahodha kama inaweza kurudishwa, kasema hapana, ukishatuma umetuma.

Jumapili tunashusha mzigo Toledo.

O.


Pettis Run
6 Novemba 1986

Orrin,

Sijui nianze na furaha au na hasira, kwa hiyo nitaanza na hali: sote wazima, baridi imeingia, Shangazi Dessa kaanguka kwenye ngazi lakini ngazi ndiyo iliyoumia.

Tumeshinda. Kura zilizotuokoa ni chache, ungeweza kuzipakia zote kwenye basi langu na viti vikabaki. Waliposoma matokeo pale kituo cha zimamoto watu hawakuamini, wakaomba yasomwe tena, kisha mwalimu wa bendi akapiga tarumbeta ndani ya nyumba, tukazibwa masikio wote. Shule inabaki. Mimi nabaki. Nililala nikaamka, nikalala tena, na kila nikiamka nilijiuliza kama niliota, nikajigusa goti, likauma, nikajua ni kweli.

Na unajua nani katuokoa? Merle. Merle Yoakam! Jumatatu jioni alitoka na ndoo ya rangi akaibadilisha ile M kuwa U. Ila HAPANA akaiacha. Kwa hiyo Jumanne, nusu ya asubuhi, bango linasema HAPANA KODI UPYA, kubwa, jekundu, yaani linakataa lilelile tunalolipigania, na yeye amesimama chini yake anawapungia watu mkono kwa fahari, anadhani anatusaidia. Wote wanaopita wanapiga honi. Mpaka mkewe akaja na gauni la kulalia na koti juu akamwambia, "Merle, mpumbavu wewe, soma lote." Merle akaifuta HAPANA kwa rangi na ufagio. Kisha akaenda mgahawani akawaamuru wale wazee wa meza yake waende kupiga kura ndiyo, mmoja mmoja, akiwashika kola.

Nilimuuliza nini kimempata. Akajiumauma. Mwishowe akasema, "Kaka yako alikuja Jumapili. Kaniketisha pale jikoni kama mtoto wa darasa la kwanza, ananiambia Merle, tumesoma vibaya. Nikamwambia miaka yote hii nasoma, leo mpishi wa meli ananifundisha silabi? Tukagombana mpaka sahani zikapoa. Kalala kwangu, kaondoka Jumatatu asubuhi."

Basi ndiyo hasira yangu. Ulikuja. Umelala maili mbili kutoka kwangu. Umekula kwa mke wa Merle ambaye hata chumvi hajui. Umeondoka hukugonga mlango wangu. Nimekufanyia nini, Orrin? Kitanda chako kimetandikwa tangu msiba. Nakibadilishia shuka kila mwezi kama mwendawazimu.

Nieleze.

Lovina


Melini, Ziwa Huron
20 Novemba 1986

Dada Lovina,

Hujanifanyia kitu.

Kura yangu ilikuwa Hapana. Nilitaka uisikie kwangu. Nilipoijaza nilikuwa na hakika zote duniani. Isingerudi, basi nikaona niende nikatafute nyingine ya kuifuta, na mtu pekee ninayemuweza kwa ubishi ni Merle.

Sasa hilo la mlango. Siku ya mazishi ulisimama kaburini uso umekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Niliongea na wewe, ukajibu vizuri, "Asante Orrin, kula Orrin," lakini hukuwemo. Niliogopa. Nilijisemea, dada amekwenda na Walter, aliyebaki ni mtu wa kupokea wageni. Kila baridi ikija nilijiambia nitakwenda, kisha nauona ule uso, nabaki bandarini nikicheza karata na watu nisiowapenda. Ndiyo sababu. Ni woga tu, hakuna kingine.

Jumatatu ile nilikuwa nimekusudia kuja. Nilitoka kwa Merle kabla hakujapambazuka vizuri. Baridi ilikuwa kali, akaniazima koti lake na kofia yake, vyote vikubwa kwangu, mikono imefunikwa mpaka vidole. Nikakatisha shambani, mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua tu, na ukungu umelala chini kiasi cha magoti, juu anga safi. Nilikuwa kama natembea juu ya maziwa. Kimya kabisa. Halafu nikaona taa za njano zinakuja barabarani, zinaelea, magurudumu hayaonekani. Nikasimama. Ukasimama lango la kina Hoyt. Mlango ukafunguka, mle ndani kunang'aa kama jikoni. Watoto wakapanda. Mmoja mdogo akakuambia kitu, ukageuza uso upande wangu, halafu ukarusha kichwa nyuma ukacheka. Dada, ulicheka kwa sauti, nikakusikia mpaka kule shambani. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu tuko watoto.

Nikashindwa kusogea. Nilifikiri, nikigonga mlango wake jioni atavaa ule uso mwingine kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa msiba. Afadhali nimwache hivi alivyo. Nikasimama mpaka taa zikapotea, nikaenda kupanda basi la Toledo na machozi yameganda kwenye kola ya Merle. Koti lake bado ninalo.

Ndivyo ilivyokuwa. Nisamehe kama unaweza.

Orrin


Pettis Run
1 Desemba 1986

Mjinga wewe,

Sote wazima.

Unataka kujua Tessie Hoyt aliniambia nini? Aliniambia, "Bibi Lovina, Merle amesahau kuingiza ndani sanamu lake la kufukuzia kunguru, na limevaa kofia yake." Nikageuka. Nikaliona, limesimama katikati ya ukungu, mikono haina vidole, koti limening'inia, limeduwaa. Sijaona kitu cha kuchekesha kama kile maishani mwangu. Nilicheka mpaka nikashindwa kutia gia. Watoto wote wakacheka. Tulicheka mpaka shuleni.

Nilikuwa nakucheka wewe.

Barafu ikifunga uje. Na uje moja kwa moja kwangu.

Lovina